Michezo Yetu na Vipimo Vyake



Jioni hii twapenda kusema nanyi juu ya michezo ya watu wa nchi yetu. Na kwa kuwa sisi twakaa Misigiri, katika Wilaya ya Iramba, mtatuwia radhi tukianza nyumbani kabla ya kwenda mbali. Misigiri si mji mkubwa. Ni mahali ambapo njia ya Kiomboi huchepuka kutoka barabara kuu itokayo Singida. Na barabara hiyo ikiisha kutupita hufika ukingo wa Sekenke, ikashuka kwa mizunguko hata Shelui na mbuga ya Wembere. Malori yapita usiku na mchana. Ukimkuta mtoto kando ya barabara ukamwuliza mchezo wa watu wa hapa ni upi, atakujibu bila kufikiri kwamba ni mpira. Naye hasemi uongo, kwani mpira wenyewe anao kwapani, umefungwa kwa matambara na kamba. Lakini mwulize tena: ni nani katika watu wa mkoa huu aliyepata kuwashinda watu wa dunia nzima? Hapo jina atakalolitaja si la mcheza mpira.

Jina hilo ni Alphonce Felix Simbu, aliyezaliwa katika Mkoa wa Singida mwaka 1992, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mji wa Tokyo, nchi ya Japani, zilikimbiwa mbio za marathoni za wanaume katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Urefu wa mbio hizo ni kilomita 42 na mita 195, kipimo kilichotumika mara ya kwanza London mwaka 1908. Walipokaribia mwisho walikuwa wamebaki watatu mbele ya wenzao wote: Amanal Petros wa Ujerumani, Iliass Aouani wa Italia, na Simbu wetu. Petros akatangulia katika mnyoosho wa mwisho, na waliokuwa wakitazama wakadhani mambo yamekwisha. Simbu akamfuata, akamkaribia, wakavuka mstari pamoja. Saa iliwaandikia wote wawili hesabu moja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Aouani akaja sekunde 5 nyuma yao.

Jicho la mwanadamu halikuweza kuamua. Ilibidi waamuzi waitazame picha. Katika mashindano makubwa huwekwa kamera sawasawa na mstari, nayo huupiga picha mstari ule tu, mara nyingi mno katika kila sekunde moja. Na kinachohesabiwa si mguu, wala kichwa, wala mkono ulionyoshwa, bali kiwiliwili. Picha ikasema kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu 3 katika sehemu 100 za sekunde. Wanafunzi mnaosikiliza mwaweza kuifanya hesabu hii wenyewe: mtu aendaye mita 6 kwa sekunde moja, katika muda huo hupata sentimita 18 tu. Kilomita 42 na mita 195, na tofauti yake haifiki shubiri ya mtu mzima! Hiyo ndiyo iliyokuwa medali ya dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo tangu yalipoanzishwa Helsinki mwaka 1983.

Basi shubiri ile ndiyo inayotufanya tuseme nanyi jioni hii. Kama Tokyo wangekuwa hawana ila macho ya watu, pangetokea ubishi mpaka leo, Wajerumani wakisema ni wetu na sisi tukisema ni wetu. Kipimo ndicho kilichomfanya mshindi ajulikane. Nasi tukiitazama michezo ya watu wa Afrika ya Mashariki, ya kale na ya sasa, twaona kwamba ule uliopata kipimo umedumu, na ule uliokosa kipimo umekufa au unakufa machoni petu. Huenda wako wasiokubaliana nasi, na watusikilize kwanza.

Asidhani mwanafunzi yeyote kwamba michezo ililetwa na meli pamoja na nguo na sabuni. Wazee wetu walicheza. Wavulana wachungaji, wakiisha kuwafikisha ng'ombe malishoni, walishikana mieleka, wakashindana kuruka vijito, kutupa fimbo mbali, kulenga shabaha, na kufukuzana mpaka jua likaelekea magharibi. Hiyo ilikuwa shule yao ya viungo. Aliyelala mgongo ameshindwa, na hapakuwa na rufani. Sifa ya mshindi ilienea kwa midomo, ikaimbwa, ikaongezwa chumvi, na alipokufa waliomwona ikafa nayo. Siku hizi mtoto yuko darasani saa ambayo babu yake alikuwa malishoni, na mahali pengi palipokuwa malisho pamelimwa alizeti. Hatulii kwa ajili hiyo. Sisi ni walimu, nasi twapenda mtoto awe darasani. Ila twaona kwamba mieleka ile ilikwenda pamoja na ng'ombe, wala hakuna kitabu kinachotueleza nani katika Iramba aliwahi kuwaangusha wenzake wote, wala fimbo ya nani ilifika hatua ngapi.

Tazameni bao, jinsi lilivyokuwa na bahati nyingine. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete zake ni 64. Hesabu hiyo ni ile ile Unguja, Lamu au Dar es Salaam. Mtu wa Kilwa aweza kukaa na mtu asiyemjua wa Mombasa, wakaanza namua bila kuulizana neno, na anayekosea huambiwa papo hapo kwamba amekosea. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu, alilipenda sana. Bao halikuhitaji uwanja, wala mfadhili, wala sare. Palipokosekana ubao, vishimo vilichimbwa mchangani na kete zikawa kokoto. Limedumu kwa kuwa hesabu yake haibishaniwi.

Iko michezo yenye kipimo cha namna nyingine. Ukishuka Sekenke ukavuka Wembere kuelekea magharibi, utafika kwa Wasukuma, ambao tangu karne ya 19 wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vyama hivi hushindana kwa kucheza wakati mmoja, mahali pamoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wana uhuru wa kwenda wapendapo, na chama kitakachovuta watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Hapo umati wenyewe ndio mizani. Kwa hiyo wachezaji hutafuta kila hila ya kumvuta mtu: huyu atacheza na nyoka, na yule ataleta jambo ambalo halijapata kuonekana. Twaona ni werevu mkubwa, maana mwamuzi wa namna hiyo hawezi kupewa hongo.

Pwani na visiwani nako kuna mengi, lakini tutayapita upesi, kwani watu wa huko wataweza kuyasema vizuri kuliko sisi wa bara: mashindano ya ngalawa kwa tanga, mchezo wa ng'ombe kule Pemba, ambao ng'ombe huchezewa wala hauawi, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo watu wa pande mbili za mji hupigana kwa migomba ili kuutoa mwaka na chuki zake.

Lakini kuna kisa kimoja cha Rwanda ambacho hatuwezi kukipita upesi. Mwaka 1907, wakati Rwanda na nchi yetu hii zilipokuwa chini ya serikali moja ya Wadachi, yaani Wajerumani, mtu mmoja wa ukoo wa kitawala wa Ujerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alifika Nyanza, kwa Mwami Yuhi Musinga. Huko akaonyeshwa vijana wa baraza la mfalme wakiruka juu ya ufito uliowekwa juu ya nguzo mbili. Walikuja mbio, wakaruka, wakatua kwa miguu yao miwili wakiwa wima, kama mtu aliyeshuka ngazini. Mgeni yule akapima, akaandika kwamba aliyeruka juu kupita wenzake alifika mita 2 na sentimita 50, na picha zilipigwa. Fikirini maana yake. Wakati huo mruko wa juu kabisa uliojulikana katika Ulaya na Marekani ulikuwa mita 1 na sentimita 97. Hata leo, kipimo cha juu kabisa duniani ni mita 2 na sentimita 45, alichokiruka Javier Sotomayor wa Cuba mwaka 1993.

Je, Mnyarwanda yule aliwashinda wote? Hatuwezi kusema hivyo, kwani vijana wale waliruka kutoka mahali palipoinuliwa kidogo juu ya ardhi, hali sheria za mashindano zataka mtu aruke kutoka chini palipo sawa. Kwa hiyo hesabu ile haikuandikwa katika vitabu vya mashindano ya dunia. Mchezo wenyewe ukafifia katika miaka iliyofuata, na vijana wale wameondoka duniani bila kujaribiwa kwa kipimo ambacho wengine wote walipimwa nacho. Labda wangeruka mita 2 kutoka chini, labda zaidi. Hilo "labda" ndilo lililobaki la mchezo uliowastaajabisha wageni, na kwetu sisi "labda" ni urithi mdogo mno.

Sasa tuje kwenye mpira wa miguu. Tunajua kwamba wako watakaozima redio hapa, wakisema mwalimu huyu hapendi Simba wala Yanga. Wasubiri kidogo. Hatuuchukii mpira. Uliletwa na wageni, wamisioni na askari na watu wa meli, ukapata vijana wetu tayari wamekwisha kuwa wepesi wa miguu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Kombe la Gossage lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Huku kwetu mjini Singida uko uwanja wa Liti, ulioitwa kwanza Namfua, na timu za Singida zimefika Ligi Kuu. Kwa nini mpira ulienea upesi hivi? Watu wengi husema ni kwa utamu wake. Sisi twasema pia ni kwa kuwa ulikuja na kipimo chake mkononi: wachezaji 11, dakika 90, bao ni bao. Mtu asiyeuona mchezo aweza kusomewa matokeo gazetini au redioni, akafurahi au akakosa usingizi. Mbio zilikuwapo kabla ya mpira, lakini zilikuwa hazina gazeti. Mpaka leo, mtu akionekana anakimbia njiani hapa Misigiri, huulizwa na kila amwonaye, "Kuna nini? Nani kafa?"

Kwa hiyo tunasema kwamba sisi watu wa nchi ya katikati tuna mchezo ambao hatujauhesabu kuwa mchezo. Majina ni mengi, na si ya jana. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alikimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea, akaingia uwanjani giza limekwisha kuingia, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho katika watu 57 waliomaliza. Lakini waliomaliza walikuwa pungufu ya walioanza, na yeye alikuwa miongoni mwa waliomaliza. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, mwaka 1974 katika mji wa Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3, sekunde 32 na sehemu 16 za mia, upesi kuliko mtu yeyote kabla yake. Na mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, akafanya hivyo hivyo katika maili moja. Mwaka 1980 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, Bayi alipata medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha ya mita 5,000. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Michezo ya Olimpiki mpaka ile ya Paris ya mwaka 2024.

Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Juma Ikangaa wa Dodoma alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na mwaka uliotangulia, huko Boston, alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Samson Ramadhani alishinda ya Madola huko Melbourne mwaka 2006. Tena Simbu mwenyewe hakuzuka kama uyoga. Alikuwa wa 5 huko Rio mwaka 2016, wa 3 katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, na wa pili huko Boston mwezi wa Aprili 2025, ambapo yeye na Mkenya Cyprian Kotut waliandikiwa saa moja, 2:05:04, naye akapewa nafasi ya mbele. Mwaka mmoja, mara mbili, tofauti isiyoonekana kwa macho.

Wageni hupenda kueleza jambo hili kwa wepesi. Husema watoto wetu ni wakimbiaji kwa sababu shule ziko mbali. Kama umbali wa shule peke yake ungetosha, kila nchi ya vijiji ulimwenguni ingekuwa na bingwa wake. Wengine husema ni kimo cha nchi. Hilo lina ukweli, kwani mahali pa juu hewa ni nyepesi, na mwili wa mkaaji wa huko huongeza chembe nyekundu za damu zinazochukua oksijeni. Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Lakini Iten ya Kenya, wanakotoka au wanakofanyia mazoezi mabingwa wengi, iko kama mita 2,400. Na tena ziko nchi za juu kupita hizo ambazo hazina mkimbiaji hata mmoja anayejulikana. Nchi hutoa nafasi tu. Nafasi ikikosa mtu wa kuishika, hupita.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo, ili mwone kwamba jambo hili si la Waafrika peke yao. Liko taifa dogo kaskazini ya Ulaya, jina lake Latvia, lenye watu wasiofika milioni 2. Nchi yao ni ya baridi, na theluji huifunika miezi mingi. Mwaka 1935 walishinda mashindano ya kwanza ya mpira wa kikapu ya Ulaya, yaliyochezwa Geneva. Lakini mchezo mmoja wanaosifiwa zaidi ni kuteremka kwa kigari cha barafu katika mfereji uliojengwa kwenye kilima, katika mji mdogo uitwao Sigulda. Mtu hulala kifudifudi juu ya kigari, kichwa mbele, akaenda upesi kuliko basi la Mwanza. Bingwa wao mkubwa, Martins Dukurs, alipata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2010 na tena mwaka 2014. Na ndugu yake Tomass alikuwa mshindani wa mchezo huo huo. Mnajua baba yao alikuwa nani? Alikuwa msimamizi wa mfereji ule wa Sigulda. Barafu ilikuwapo kabla yao, na vilima vilikuwapo. Kilichoongezwa ni mfereji wenye urefu unaojulikana, saa, na mzee asimamaye hapo kila siku akiwatazama watoto.

Turudi sasa kwetu. Katika shule moja ya upande huu, tusiyopenda kuitaja jina, alikuwako msichana aliyewaacha wavulana wote katika mbio za siku ya michezo, miaka mitatu mfululizo. Alikimbia peku. Watu walimshangilia, mwalimu akampa daftari 2 na kalamu, na mchana ukaisha. Alipomaliza darasa la 7 hakuendelea. Miaka michache baadaye akapita mtu aliyekuwa akitafuta vijana wa kuwafundisha mbio, akauliza kama kijijini kuna yeyote. Watu wakamtaja msichana yule kwa sauti moja. Yule mtu akauliza, "Alikimbia mita ngapi? Kwa dakika ngapi?" Wakatazamana. Uwanja haukupata kupimwa, wala saa haikushikwa, wala neno halikuandikwa. Mmoja akasema, "Alikuwa anakimbia sana." Yule mtu akashukuru, akaenda zake. Msichana alikuwa kisimani wakati huo, na alipoambiwa alicheka tu, akajitwika ndoo yake.

Kisa hiki hutuuma zaidi kwa kuwa alikuwa msichana. Wako wazazi wasemao kwamba miguu ya binti ni ya kuendea maji na kuni. Tungependa wazazi hao wajue kwamba medali ya kwanza kabisa ya kimataifa katika riadha ya Tanzania ililetwa na mwanamke, Theresia Dismas, aliyepata ya fedha kwa kurusha mkuki huko Brazzaville mwaka 1965. Na kwamba mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa 3 katika marathoni ya Berlin, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Bingwa wa dunia wa mwaka 2025 alitengewa zawadi ya dola 70,000 za Marekani, na kwa mwanamke ni hesabu hiyo hiyo, bila senti moja kupunguzwa. Hatusemi kila binti atazipata. Twasema kwamba binti asiyepimwa hawezi kuitwa na mtu yeyote.

Watu watauliza, tutapata wapi vifaa? Serikali ina mashindano yake ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na huko vipimo vipo. Lakini huko hufika wachache, tena huchaguliwa kwanza huku vijijini, kwa macho. Kuhusu saa, hakuna shida siku hizi: simu iliyo mfukoni mwa mzee ina saa ya kuhesabu sekunde, ingawa labda hajapata kuifungua. Kilichobaki ni uwanja na njia, na hayo yote mawili yapimika kwa vitu tulivyo navyo.

Uwanja wa mita 400 wafanywa hivi. Pimeni mistari miwili iliyonyoka, inayotazamana, kila mmoja mita 100, na baina yake pawe mita 63 na sentimita 66. Mwisho wa kila upande, katikati kabisa ya nafasi hiyo, pigilieni kigingi, mkifunge kamba yenye urefu wa mita 31 na sentimita 83, mwende nayo mkichora nusu duara. Nusu mbili zikiunganishwa ni mita 200, na mistari miwili ni mita 200. Wanafunzi wa darasa la 7 wataijua hesabu hiyo. Kamba iwe kavu, kwani kamba ya katani ikilowa hufupika, na uwanja wenu utakuwa mdogo kuliko mlivyoandika.

Njia ya mbio ndefu hupimwa kwa baiskeli. Msidhani twafanya mzaha. Njia za marathoni kubwa za dunia hupimwa hivyo hivyo, kwa baiskeli yenye chombo cha kuhesabia mizunguko ya gurudumu. Kwanza tafuteni mahali palipo sawa, mpime mita 300 kwa utepe wa chuma. Jazeni tairi pumzi vizuri. Pigeni alama ya chokaa juu ya tairi la mbele, mpande baiskeli mita hizo 300 mara 4, mkihesabu gurudumu limezunguka mara ngapi, kisha mchukue wastani. Tuseme ni mara 137. Basi kilomita 5 zitakuwa mizunguko 2,283 na theluthi moja. Lakini wapimaji stadi huongeza sehemu moja katika kila elfu, ili njia isije ikawa fupi kuliko ilivyotangazwa; nanyi mkiongeza mtapata kama 2,286. Fanyeni kazi yote asubuhi moja, kwani jua likipanda pumzi ya tairi huongezeka, na gurudumu hubadilika.

Sisi hapa tutapima njia ya Kiomboi, siyo barabara kuu, kwa sababu ya malori. Mwanafunzi mmoja ataendesha polepole, kando, akikata kona kwa ufupi kama mkimbiaji atakavyofanya. Mwenzake atafuata kwa miguu, akiitazama alama ya chokaa na kuhesabu kwa sauti, na kila mizunguko 100 atatia punje moja ya mahindi mfukoni. Punje zikifika 22 itakuwa imebaki mizunguko 86. Mahali gurudumu litakaposimama baada ya hapo tutapigilia kigingi cha mninga, na katika daftari la shule tutaandika tarehe, majina ya wapimaji, na urefu wa njia.